Mgongo Wazi Mbele ya Kamera

Mbuta akishatolewa minofu kiwandani, kinachobaki ni kichwa, uti na mkia. Kisumu tunakiita mgongo wazi; Mwanza, ambako mbuta ni sangara, wanakiita mapanki. Mtaani Obunga akina mama hukikaanga kwenye karai la mafuta yanayochemka, kikaliwa na ugali. Kwa jicho la Obunga, basi, nimeitazama upya Darwin's Nightmare, filamu ya mwaka 2004 ambayo Hubert Sauper, Mwaustria, aliipigia Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu hili la Victoria.

Filamu haina msimulizi. Kuna maandishi machache tu kwenye skrini. Mengine yote yanasemwa na mpangilio wa picha. Kamera ni ndogo, usiku taa ni hafifu, na ndiyo maana mlinzi mwenye mishale ya sumu anazungumza kana kwamba yuko peke yake. Taa kubwa zingemfunga mdomo.

Akira Kurosawa, katika Drunken Angel ya mwaka 1948, aliweka dimbwi la maji machafu katikati ya mtaa wa maskini. Kila baada ya kisa, kamera inarudi pale, mpaka dimbwi lenyewe likawa ndilo ugonjwa. Sauper hakuhitaji kutengenezewa chochote: alikuwa na uwanja wa ndege. Ilyushin zinatua, zinapakia minofu, zinaondoka. Katikati ya safari hizo anapachika makahaba, watoto wa mitaani, wavuvi wagonjwa. Hasemi kwamba ndege ndiyo chanzo. Anairudisha tu, nawe unafunga hesabu mwenyewe.

Hapo ndipo ufundi unapoanza kupinda. Sauper anauliza tena na tena ndege zinaleta nini. Wengi wanajibu kwamba huja tupu. Karibu na mwisho rubani mmoja anakiri kuwahi kupeleka silaha Angola. Angola, si Mwanza. Hakuna sanduku la bunduki linaloshushwa mbele ya kamera. Lakini swali lililorudiwa kwa zaidi ya saa moja limekwisha kugeuka ushahidi. Mwaka 2006 Rais Kikwete wa Tanzania aliishutumu filamu hii hadharani, na mabishano yakahamia kwenye mapanki: yanaliwa na watu au hayaliwi?

Sisi tunajua jibu, na ndiyo maana pale filamu inapofika kwenye vichanja vya kuanikia mapanki ndipo ninapogombana na Sauper. Mabuu, matope na harufu unayoiona kwa macho: picha zile ni za kweli. Ila zimesogezwa karibu mno, zikakaa mno, hata mwanamke anayefanya kazi pale akawa sehemu ya uozo, si mfanyabiashara mwenye mtaji, deni na wateja. Kurosawa alilirudia dimbwi lake, lakini hakumsahau daktari mlevi aliyeishi kando yake.

Kijana wa Kisumu mwenye kamera, nenda Obunga jioni. Usiizime kabla samaki hajaliwa.