Rangi Imebadilika, Halafu?

Kama umesoma kemia shahada ya kwanza, huenda nano ulikutana nayo kwenye slaidi tu: unywele una unene wa nanomita kama 80,000, basi, mada inayofuata. Siku hizi baadhi ya walimu wanafanya jaribio. Unachemsha majani, unachuja, unatia silva naitreti, unasubiri. Inageuka njano, kisha kahawia. Darasa linashangilia, ripoti inaandikwa: "Tumetengeneza nano."

Mmejuaje? Kahawia inaweza kuwa ya majani yenyewe. Iko wapi chupa ya pili, yenye majani bila silva? Kama kuna spektrofotomita, tafuta kilele karibu na nanomita 420. Kama haipo, mulika kwa leza ndogo ya sokoni uone mstari wa mwanga, ila mulika chupa zote mbili, maana hata maji ya majani hutawanya mwanga.

Kwamba Sumbawanga hatuna hadubini ya elektroni si hoja. Kwenye uwanda huu wa Ufipa wazee waliyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuri marefu ya udongo, na hawakuishia hapo: walikipeleka tanuri dogo kukisafisha.

Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, tunamtaja kwa tuzo ya 2015 tu. Chujio lake la nano hupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Hilo ndilo la kuiga: kila kundi lilete maji ya kisima cha kwao, liyapitishe kwenye mchanga mtupu na kwenye mchanga wenye silva, lioteshe bakteria, lihesabu. (Kunywa, hapana.)