Kushauriwa na Kuamua Pamoja: Istilahi za Baraza la Wafanyakazi

Miongoni mwa istilahi za kazi zinazowatatiza wafasiri ni zile zitokanazo na sheria ya Ujerumani juu ya ufuatiliaji wa barua pepe za wafanyakazi. Tunakusudia hapa kuzipima tatu.

Ya kwanza ni jina la chombo chenyewe, Betriebsrat. Kukiita 'baraza la wafanyakazi' si kosa, ila maelezo yanahitajika. Nchini Tanzania mabaraza ya jina hilo yalianzishwa katika mashirika ya umma kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970. Humo viongozi wa shirika waliketi pamoja na wajumbe wa wafanyakazi, na kazi ya baraza ilikuwa kutoa ushauri. Baraza la Kijerumani huchaguliwa na wafanyakazi wenyewe, wala mwajiri si mjumbe wake.

Ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, nayo ni kitenzi. Kifungu cha 87 cha sheria ya Ujerumani ya mwaka 1972 kinalipa baraza haki ya kuamua pamoja na mwajiri juu ya kuweka na kutumia mitambo ya kufuatilia mwenendo au utendaji wa wafanyakazi. Programu ya barua pepe inayohifadhi kumbukumbu za nani kamwandikia nani, na saa ngapi, huingia humo. Pande mbili zisipoafikiana, suala hupelekwa kwenye bodi ya usuluhishi, na uamuzi wa bodi huchukua nafasi ya mapatano. Mfasiri akiandika kwamba baraza 'hushauriwa', amempa mwajiri uhuru ambao sheria imemnyima. Anayeshauriwa husikilizwa, kisha mwingine akaamua. Anayeamua pamoja aweza kukataa, na mwajiri asiweze kuendelea peke yake.

Ya tatu ni 'ufuatiliaji'. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Bărbulescu dhidi ya Romania lililoamuliwa tarehe 5 Septemba 2017, ilipambanua kati ya kuangalia mwendo wa mawasiliano na kusoma yaliyomo. Kiswahili nacho kinaweza kupambanua hivyo: la kwanza liitwe ufuatiliaji, la pili upekuzi. 'Usimamizi' haufai kwa lolote kati ya hayo, kwa kuwa msimamizi husimamia kazi bila kufungua barua ya mtu.

Kwa hiyo tunapendekeza 'baraza la wafanyakazi' libakie, pamoja na maelezo pale linapotajwa mara ya kwanza. 'Haki ya kuamua pamoja' iandikwe kwa ukamilifu kila mahali. Na 'upekuzi' utumike bila kuona haya pale barua inaposomwa. Msomaji wa Kiswahili aliyeajiriwa Ujerumani aweza kutia saini mkataba kwa kuitegemea tafsiri hiyo peke yake.