Masafa mafupi, grafu iliyopinduka

JUZI nilialikwa katika chuo kimoja cha kiufundi karibu na Keroka kuzungumzia Kiswahili katika taaluma. Kabla ya mhadhara, mwalimu wa umeme alinishika mkono akanipeleka maabarani. Wanafunzi wake walikuwa wakichunguza jinsi saketi inavyouitikia mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara kama huu wa majumbani.

Jaribio lenyewe si gumu. Kikinza cha omu 1,000 kinaunganishwa na kapasita ya maikrofaradi 0.1. Unaingiza wimbi la umeme, unapima volti kwenye kapasita, kisha unaongeza hezi, yaani idadi ya mizunguko ya wimbi kwa sekunde. Kwenye hezi 50, volti hutoka karibu zote. Ukifika hezi 1,590 hivi, hutoka takriban asilimia 71. Kwenye hezi 16,000, hutoka sehemu moja tu kati ya kumi. Hivyo, grafu huteremka kutoka kushoto kwenda kulia.

Mwalimu alifafanua haya yote kwa Kiswahili, nami nampongeza. Ila neno lake la kutajia idadi hiyo ya mizunguko lilikuwa "masafa". Basi kijana mmoja akachora grafu inayopanda! Vipimo vyake vilikuwa sahihi, lakini hezi 16,000 alikuwa ameziweka kushoto kabisa, mwanzoni. Nikamuuliza kulikoni.

"Prof, si redio husema masafa mafupi? Na hayo ndiyo ya mawimbi ya haraka. Sasa mafupi si ndiyo huanza?"

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana kijana alikuwa amefikiri vizuri kwa kutumia neno bovu.

Masafa ni umbali. Wanariadha wetu hushiriki mbio za masafa marefu, na hakuna anayekanganyikiwa. Watangazaji wa redio waliposema "masafa mafupi", walikusudia urefu wa wimbi, umbali kutoka kilele hadi kilele. Ndiyo maana walitaja mita. Matumizi hayo yalikuwa na mantiki. Kosa lilizuka tulipolichukua neno lilo hilo tukalifanya pia jina la idadi ya mizunguko: "tunasikika katika masafa ya 100 FM".

Mambo haya mawili hayaelekei upande mmoja. Wimbi la redio la megahezi 12 lina urefu wa mita 25, ilhali la megahezi 100 lina mita 3 tu. Kimoja kikipanda, kingine hushuka. Mfanyabiashara wa Keroka, mji ulioko mpakani mwa Kisii na Nyamira, anajua adha ya kudaiwa ushuru na kaunti mbili. Neno "masafa" nalo linadaiwa na mabwana wawili wanaovutana.

Kuna watakaosema kuwa muktadha hutatua utata, kwani "kaa" ni mnyama wa pwani na pia ni kipande cha moto, na bado tunaelewana. Ni kweli, lakini kaa hao wawili hawakutani katika hesabu moja. Hawa wa fizikia hukutana: kasi ya wimbi ni urefu wake mara idadi ya mizunguko yake kwa sekunde. Ukishikilia "masafa", utamwandikia mwanafunzi kuwa kasi ni masafa mara masafa. Ataelewa nini?

Wapo wanaotumia "marudio", nami nawaunga mkono. Najua neno hili pia hutajia kipindi kinachopeperushwa upya, lakini ukisema "marudio kwa sekunde" utata unaisha. Hezi 50 ni marudio 50 kwa sekunde. Hata asiyesoma fizikia anaweza kuhesabu.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimepitisha tasnifu zenye "mwitikio wa masafa" bila kutia alama ya kalamu nyekundu. "Mwitikio" halina kasoro, kwani saketi huitikia kama mtu anayeitwa. Ila sikuwahi kujiuliza inaitikia nini. Mara nyingi sisi wa isimu huunda istilahi tukiwa mezani, na tukisikia sayansi haieleweki kwa Kiswahili, tunalaumu mtaala au Kiingereza. Siku hiyo lawama ilikuwa yetu.

Kijana alifuta "masafa", akaandika "marudio kwa sekunde", kisha akaanza kuzipanga namba upya kuanzia 50.