Vitabu vikuukuu vya makanika na vitenzi vyake

Wapo wanaonunua vitabu vya kale vya makanika kama wanavyonunua stempu: kwa ajili ya jalada, michoro na harufu ya karatasi iliyoingia grisi. Mapenzi hayo siyakatai. Mimi huvisoma kama matini nyingine yoyote, na nashikilia kwamba utamu wake umo katika vitenzi.

Chukua vitabu vya Haynes, ambavyo bado hukosi kuviona katika gereji za barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga, vingine vikiwa havina jalada. Mwanzilishi wake, John Haynes, alikuwa katika jeshi la anga la Uingereza huko Aden katikati ya miaka ya 1960. Rafiki yake alikuwa na gari aina ya Austin-Healey Sprite lililohitaji kufunguliwa lote. Kitabu cha kiwandani hakikuwafaa, kwani hakikuandikiwa mwenye gari wa kawaida. Haynes akatwaa kamera, akapiga picha hatua za kulifungua na kulifunga, na mwaka wa 1966 akachapisha kitabu. Nakala 3,000 za kwanza ziliisha kwa muda usiozidi miezi mitatu.

Nathari yake ni kavu, na ukavu huo ndio sifa yake. Haisemi nati ikazwe 'vizuri', inataja kipimo. Haisemi kazi ni 'ngumu kiasi'; inachora spana, moja kwa kazi nyepesi, tano kwa ile ya fundi aliyebobea. Baadhi ya wanafunzi wangu wa uzamili ningewapeleka gereji muhula mzima wakajifunze kuandika hivyo.

Ila vitabu hivi vina kasoro. Aghalabu huchukulia kwamba nati itatoka. Pale Diani, gari lililolala miaka mitatu likipigwa na upepo wa bahari, nati huliwa na chumvi hadi hujui spana ishike wapi. Ajabu ni kwamba wazo lenyewe lilizaliwa Aden, bandari ya chumvi hiyo hiyo.

Turudi kwenye vitenzi. Baada ya kurasa nyingi za kubomoa, mwandishi wa Kiingereza humwambia msomaji arudi njia ile ile kinyumenyume, basi. Kiswahili kina kauli ya kutendua, na kazi hiyo huifanya ndani ya neno: funga na fungua, ziba na zibua, bandika na bandua, chomeka na chomoa, panga na pangua. Nati hufungwa na kufunguliwa, gasketi hubandikwa na kubanduliwa, plagi huchomekwa na kuchomolewa, tundu la kabureta likaziba likazibuliwa. (Kaza halimo, kinyume chake tunakiazima kwa legeza.) Sijui sarufi inayoifaa injini kuliko hii. Hata hivyo, vitabu vilivyo kwenye rafu za gereji hizo ni vya Kiingereza, na vya Peugeot mara nyingine ni vya Kifaransa.

Fundi mmoja wa Msambweni, mtu wa makamo, aliniambia akifunua ukurasa kwa kidole chenye oili: "Hayo maandishi ni ya wenyewe, mwalimu. Mie natazama picha tu." Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Chini ya gari, mtu huyu anakizungumza kwa ustadi ambao wengi wetu chuoni hatuna, lakini kitabu kinachomfaa kimefungwa kwake.

Na muda unayoyoma. Mwaka wa 2020 kampuni ya Haynes ilitangaza kwamba haitachapisha tena vitabu vipya vya karatasi vya magari mapya. Magari ya sasa huunganishwa na kompyuta kwanza, spana baadaye. Wanaojua kuizungumzia kabureta kwa Kiswahili wanazeeka.

Ningependa kitabu kimoja tu, kianzie kwa Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Fundi aifungue kabureta akieleza, mwanafunzi wa chuo cha ufundi aandike na kupiga picha. Pale fundi atakaposema 'taiti' na kamusi ikadai 'kaza', ningeyaacha yote mawili na kuendelea na nati inayofuata.