Waridi halipandwi kama muhogo

Mtu wa Kisangani hahitaji mwalimu wa kumwonyesha namna ya kuotesha kipande cha mti. Tangu utotoni ameona shina la muhogo likikatwa pingili na kufukiwa nusu, na baada ya wiki chache majani ya sombe yanachipua. Nadhani ujuzi huohuo ndio unaomponza akishika waridi. Anapukutisha majani yote, anachomeka kijiti kwenye udongo mweusi wa uani na kukimwagilia asubuhi na jioni. Siku za mwanzo macho yanafumbuka, vichipukizi vyekundu vinatoka, na nyumba nzima inafurahi. Kisha vinanyauka vyote, na kijiti kikivutwa nje, chini ni cheusi na laini, bila mzizi hata mmoja.

Vile vichipukizi ndivyo vilivyomdanganya. Pingili ya muhogo ni mti uliokomaa wenye wanga wa kutosha kulisha mizizi na majani mapya kwa pamoja. Tawi la waridi lina akiba ndogo. Likinyimwa majani, akiba yote inakwenda juu kwenye macho na chini hakuna kinachobaki. Jani likiachwa, linaendelea kutengeneza sukari, na pamoja na macho linatoa auksini, homoni inayoteremka hadi penye jeraha na kuamsha mizizi.

Vitabu vya bustani vya Ulaya vimechangia kuchanganya watu hapa. Vinaeleza vijiti vitupu vya waridi kuchomekwa ardhini majira ya baridi yanapokaribia, na kule ushauri huo ni sahihi: mmea umelala, akiba imerudi kwenye mti, baridi inachelewesha uozo. Kisangani iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, na joto la wastani ni kama digrii 25 mwaka mzima. Hapa mwaridi haulali, wala kuvu hazilali. Mzizi usipotangulia, uozo utatangulia.

Mfano mzuri wa kuotesha kipande chenye majani hauko mbali. Kiasi cha kilomita 100 kuteremka mto kuna Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo kilichokuwa cha INEAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1933, ambacho leo kiko chini ya mrithi wake, INERA. Kahawa ya robusta inayochunguzwa huko haiwezi kujichavusha yenyewe, kwa hiyo kila mbegu ni mtoto wa wazazi wawili na hakuna uhakika atarithi nini. Anayetaka mti uleule mzuri hana budi kukata vipande. Vipande hivyo hutoka kwenye maotea yanayokwenda wima, kwani tawi la pembeni huzaa mche unaoendelea kutambaa upande. Kila kipande hubakizwa majani yaliyopunguzwa ukubwa, kikawekwa kivulini penye hewa nyevu. Mawaridi mengi ya bustani nayo ni machotara: mbegu yake haitarudisha ua lilelile.

Basi chagua tawi ambalo ua lake limetoka kupukutika, nene kama penseli, lisilo laini wala gumu kabisa. Kata urefu wa sentimita 15 hivi kwa kisu kilichopitishwa motoni, chini kidogo ya fundo. Bakiza majani mawili ya juu, kila moja likipunguzwa nusu. Kwa udongo, achana na ule mweusi: unashika maji na kufukuza hewa. Mchanga wa mto uliooshwa, ukichanganywa na chengachenga za makaa, unatosha. Chengachenga hizo hubaki chini ya kila gunia ambalo toleka, wachukuzi wa baiskeli, wanalisafirisha, na mara nyingi hutupwa tu. Toboa chombo chini, mwagilia mara moja vizuri, kisha usirudie mpaka mchanga uanze kukauka.

Chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kufunikwa juu ya mche inahitaji akili zaidi. Inazuia jani kukauka kabla mizizi haijatoka, na mchana wa jua kazi hiyo ni ya lazima. Lakini kuvu ya madoa meusi, Diplocarpon rosae, huhitaji jani libaki na maji kwa takriban saa saba ili ianze kushambulia, na chupa iliyofungwa usiku kucha huipa saa hizo bila taabu. Kwa hali ya hewa ya hapa ningefunika kuanzia asubuhi hadi alasiri, na usiku ningeondoa chupa huku mche ukiwa barazani, mbali na mvua na umande. Hata mchana mche uwe kivulini, kwani jua la moja kwa moja juu ya plastiki huuchemsha.

Wako wanaojaribu mawaridi ya shada la harusi. Ua la biashara, kama yale ya Naivasha, Kenya, kwa kawaida hutoka kwenye mwaridi uliopandikizwa juu ya shina la aina nyingine, mara nyingi Natal Briar. Hata tawi lake likitoa mizizi yake lenyewe, huenda likawa dhaifu. Bora uombe tawi kwa jirani ambaye mwaridi wake umeshastahimili mvua za jimbo la Tshopo miaka kadhaa, ila kagua majani kwanza: mtoto wa kipande hurithi hata maradhi ya mama.

Mizizi hutoka baada ya wiki tatu hadi sita. Usimng'oe mtoto huyo kumchungulia, mvute kidogo, akigoma ameshika. Mhamishe kwenye mchanganyiko wa udongo na samadi iliyooza, na ua lake la kwanza likate likiwa bado tumba.