Hewa Iliyofungiwa Ndani ya Alumini

Fundi anayechomelea alumini kwenye mwalo wa Kibirizi au Katonga, huko Kigoma, anaijua kero hii. Analetewa mguu wa injini ya boti uliopasuka baada ya kugonga mwamba. Anausugua mpaka ung'ae, anawasha moto, alumini inaanza kulainika, halafu uso unatokota kama uji. Mapovu yanapasuka, vitundu vinabaki, na mahali palipoungwa panafanana na sifongo. Mwenye boti anamtazama fundi kwa jicho la lawama.

Mara nyingi lawama hiyo imemkosa mwenyewe. Chanzo kiko kiwandani, katika sehemu ndogo sana ya sekunde, pale pistoni ilipokuwa ikisukuma alumini ya moto ndani ya kalibu.

Mchanga unapumua, chuma hakipumui

Tuanze na usubuji tunaouzoea. Fundi wa sufuria huyeyusha alumini chakavu kwa mkaa, hushindilia mchanga kuzunguka sufuria ya mfano, huitoa ile ya mfano, kisha humimina. Kinachosukuma alumini ni uzito wake tu. Kimo cha sentimita 20 cha alumini iliyoyeyuka hutoa kanieneo ya kama bar 0.05, na inatosha: ukuta wa sufuria ni mnene, mchanga haunyang'anyi joto kwa pupa, na hewa hupenya katikati ya chembe zake. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Katanga, misalaba ya shaba iliyotumika zamani kama fedha ilimiminwa kwa kanuni hiyohiyo, kwenye kalibu za mchanga zilizo wazi.

Kasha la mguu wa injini ya boti ni kazi nyingine. Kuta zake ni za milimita chache, lina kona nyingi, na kiwanda kinataka maelfu yanayofanana. Kwa hiyo kalibu yake ni ya chuma cha pua kigumu, nusu mbili zinazobanwa na mashine yenye nguvu ya mamia au maelfu ya tani. Kalibu hiyo huwa na joto la takriban nyuzi 200, ilhali alumini huingia ikiwa na nyuzi 650 hadi 700. Ikiguswa na chuma hicho huanza kuganda papo hapo. Lazima kalibu ijae kabla haijaganda, na kazi hiyo huchukua kati ya sehemu 20 na 100 za sekunde iliyogawanywa mara elfu.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Alumini isipokimbizwa, itaganda njiani. Ikikimbizwa ovyo, itajichanganya na hewa, na hewa hiyo haina pa kupenyea kwenye chuma. Kazi yote ya kudhibiti mashine hii ni kusuluhisha ugomvi huo.

Hatua tatu za pistoni

Mtazame muuguzi anapoandaa sindano. Kwanza huinua bomba na kusukuma polepole mpaka tone litokee kwenye ncha. Anaitoa hewa kwanza, ndipo achome. Mashine ya kusubu kwa shinikizo hufanya vivyo hivyo, ila bomba lake limelala.

Katika hatua ya kwanza alumini imekwisha kumiminwa kwenye bomba la chuma, na kwa kawaida haijalijaza. Sehemu ya juu ni hewa. Pistoni husogea taratibu, kama mita 0.2 hadi 0.5 kwa sekunde, ikiinua wimbi moja linaloisukuma hewa mbele. Mwendo ukizidi, wimbi hujikunja na kuimeza hewa, kama mawimbi ya ziwa yanavyovunjika ufukweni. Ukipungua mno, wimbi hutangulia, hugonga mwisho wa bomba na kurudi, na hewa hubaki imezingirwa nyuma yake. Mwendo ulio sahihi ni mmoja tu, na unategemea upana wa bomba na kiasi lilivyojaa.

Alumini inapofika kwenye mlango mwembamba wa kalibu, hatua ya pili huanza. Pistoni hurukia mita 2 hadi 5 kwa sekunde, na pale mlangoni alumini hupita kwa mita 30 hadi 60 kwa sekunde. Pampu peke yake haiwezi kutoa nguvu hiyo ghafla, kwa hiyo mafuta ya haidroliki huwekwa akiba kwenye mtungi wenye nitrojeni iliyokandamizwa, yakisubiri vali ifunguke.

Kalibu ikishajaa, pistoni haina pa kwenda. Hatua ya tatu ni kukandamiza, kwa kanieneo ya bar 400 hadi 1,000. Alumini tupu hunywea kwa takriban asilimia 6 hadi 7 inapoganda, na mkandamizo huu hulisha pengo hilo na kuifinya hewa iliyobaki iwe vitone vidogo. Ukichelewa kidogo tu, mlango umeganda na nguvu yote inaishia nje.

Nani anashika usukani?

Hakuna mkono wa mtu unaoweza kufuata mambo haya. Kihisi kwenye ufito wa pistoni husoma mahali ilipo, na vihisi vingine husoma kanieneo. Kompyuta hulinganisha mwendo halisi na ule uliopangwa, kisha hurekebisha vali msukumo huohuo ukiwa bado unaendelea. Kubadili hatua hufuata mahali pistoni ilipofika. Saa haitoshi, kwa sababu grisi, joto na uchakavu hubadilisha mwendo. Hata mahali nako kunadanganya: kijiko cha kumiminia alumini kikimimina pungufu, alumini huchelewa kufika mlangoni, na hatua ya pili huanza mapema ikiichapa hewa.

Kabla ya mwisho, mashine bora hufunga breki. Isipofanya hivyo, pistoni hugonga kama nyundo, kalibu hufunuka kiasi cha unywele, na alumini huchomoza kwenye maungio.

Hata yote yakienda sawa, hewa kidogo hubaki, pamoja na moshi wa mafuta yanayopakwa kwenye kalibu. Viwanda vinavyotaka vipuri vya kuchomelewa hufyonza hewa kwanza mpaka chini ya bar 0.1. Vipuri vya kawaida havifanyiwi hivyo.

Turudi mwaloni

Vitone vile vya hewa vilivyofinywa vimelala ndani ya alumini baridi miaka yote. Fundi anapowasha moto, alumini hulainika, gesi hutanuka, na mapovu hutokea.

Lakini asiwahi kukilaumu kiwanda. Mafuta na chumvi za kutu zilizojipenyeza kwenye ufa nazo huchemka. Aoshe kwa dawa ya kuondoa grisi, apashe kipande moto taratibu mpaka mafuta yatoke, achimbe ufa wote, kisha achomelee kwa vipande vifupi. Mapovu yakitokea, ayasage na kurudia. Yakipungua kila mara, tatizo lilikuwa uchafu. Yakiendelea kuzuka kwenye alumini safi iliyotoka kusagwa, hewa imo ndani tangu siku kipuri kiliposubiwa, na hakuna ufundi wa kuitoa. Hapo amwambie mwenye boti ukweli: atafute kasha jingine la mguu kabla hajaingia ziwani.