Kisiwa Kimoja, Jamaa Wanane

Animal Crossing: New Horizons ni mchezo uliotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 2020. Mchezaji huhamia kisiwani, akajenga nyumba, akapanda miti, akaishi na majirani wanyama na kutembelewa na rafiki kwa njia ya intaneti. Ni kazi nzuri, tena yenye upole. Ila sheria yake moja ina kasoro.

Mashine moja ya kuchezea huwa na kisiwa kimoja tu, hata jamaa wakiwa na akaunti mbalimbali. Watu wanane waweza kukaa humo, kila mmoja na nyumba yake. Mpaka huo ni wa haki. Taabu ni kwamba aliyetangulia kuingia ndiye mkuu: yeye hukipa kisiwa jina, na yeye peke yake huamua daraja lijengwe wapi. Mdogo wake ana nyumba, lakini hana kauli.

Watetezi watasema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli; lakini manahodha waweza kupokezana usukani. Mchezo unaosifu ujirani haukustahili kumpa mtu enzi kwa sababu tu aliwahi kuiwasha mashine. Mwenye nyumba asiye na neno katika baraza la kijiji ni mpangaji tu.